Plagi na Injini za Kale: Habari za Cheche

Mwaka 1876 yalitokea mambo mawili mbali mbali, wala watu wa jambo la kwanza hawakujua habari za wale wa pili. Katika mwaka ule Askofu Edward Steere aliondoka Lindi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, nia yao kwenda karibu na Ziwa Nyasa. Walakini walipofika Masasi waliona nchi ni njema, chini ya vilima vyake vya mawe, wakakaa. Na katika mwaka ule ule, huko Deutz karibu na mji wa Köln, Mdachi mmoja, jina lake Nikolaus Otto, alimaliza kuunda injini ya mapigo manne: kuvuta, kushindilia, kulipuka, na kutoa moshi. Magari ya petroli yapitayo leo katika njia yetu ya Lisekese, na pikipiki zinazotuamsha kabla ya jogoo, karibu zote ni wajukuu wa injini ile.

Wanafunzi wetu wametuuliza zaidi ya mara moja, je, mlipuko ule huwashwa na nini? Swali hili ni jepesi kwa mdomo, lakini liliwatesa mafundi wa Ulaya kwa muda wa miaka arobaini. Otto mwenyewe alitumia ndimi ndogo ya moto iliyofunuliwa na kufunikwa upesi. Gottlieb Daimler alitumia bomba dogo lililotiwa moto kwa nje hata likawa jekundu. Zamani kuliko hao, mwaka 1860, Étienne Lenoir wa Paris alikuwa amekwisha kutumia cheche ya umeme katika injini yake ya gesi, na Karl Benz akaifuata njia hiyo katika gari lake la mwaka 1886. Ila cheche zile zilikuwa dhaifu na betri zilikwisha upesi. Tatizo lilifunguliwa mwaka 1902, Gottlob Honold, aliyefanya kazi katika kiwanda cha Robert Bosch huko Stuttgart, alipotengeneza mashine ya magineto itoayo umeme wenye nguvu nyingi, pamoja na plagi ya kuupokea. Tangu hapo cheche ya magineto iliweza kuruka hewani yenyewe, pasipo vyuma kugusana na kuachana ndani ya silinda.

Plagi ni kitu kidogo, chakaa kwa urahisi, na watu wengi hawakitazami ila siku gari lisipowaka. Katikati pana ncha ya chuma. Ncha hiyo imezungukwa na kauri, kwa kuwa kauri haipitishi umeme. Nje ya kauri pana ganda la chuma lenye hesi, yaani mikunjo ya skrubu, ambalo hufungwa katika kichwa cha injini; na chini ya ganda pana ncha ya pili iliyopinda. Kati ya ncha mbili hizo pana nafasi nyembamba kama ukucha, na katika nafasi hiyo cheche huruka. Basi. Lakini kitu hicho hicho kimekaa kwenye moto, kimesukumwa na mlipuko mara nyingi kila dakika, kichwa chake ki katika upepo wa baridi na miguu yake ki katika tanuru. Hakuna chombo kingine katika motokaa kilichopewa kazi ya namna hii.

Motokaa ya kwanza kupita nchi yetu kutoka bahari mpaka bahari iliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907, nayo iliendeshwa na afisa wa Kidachi, Paul Graetz. Iliundwa Gaggenau. Ilifika Swakopmund, pwani ya magharibi, tarehe 1 Mei 1909. Miezi ishirini na zaidi! Mtu mwenye miguu mizuri angaliweza kufika kabla yake, na tena asingalihitaji petroli. Twaitaja safari ile si kwa kuidharau, bali kwa sababu inaonyesha hali ya injini za siku zile: kila kilichovunjika njiani hakikuwa na duka la kukinunulia, na hapakuwa na mtu wa kijijini aliyeweza kusema, plagi hii siyo, jaribu ile.

Baadaye zilikuja Ford za namna ya T, zilizoundwa tangu mwaka 1908 hata 1927, zaidi ya milioni 15. Katika vita vya 1914–18 Waingereza walizitumia sana katika Afrika Mashariki, ingawa mvua ya kusini na tope lake viliwarudisha mara nyingi kwa wapagazi. Wazee wetu wa Masasi waliijua kazi hiyo vizuri kuliko vitabu. Na jina la Kariakoo katika Dar es Salaam ni kumbukumbu ya jeshi lile la wapagazi. Ford ile haikushindilia hewa sana, basi injini yake haikuwa kali. Kila silinda ilikuwa na koili yake katika sanduku la mti. Hesi ya plagi zake ni hesi ya bomba la maji ya nusu inchi, iliyopungua kwenda chini kama kabari, hata haihitaji pete ya kuzibia. Mwenye motokaa hiyo leo akienda dukani kuomba plagi atapewa za milimita 14, nazo hazitaingia hata kidogo; na akitafuta mtu wa kuzilazimisha atampata, nasi twamwonya kwamba kichwa cha injini hakishonwi kama kanzu.

Hapa twapenda kusimama kidogo, maana pana jambo la kwetu ambalo wachache wanalijua. Kauri ya siku zile ilikuwa ikipasuka kwa joto na kwa kutikiswa. Kwa hiyo waundaji wa plagi za eropleni na za motokaa za mashindano waliiacha, wakatumia ulanga, lile jiwe ling'aalo linalobanduka kama kurasa za kitabu. Waliuviringisha ulanga kwenye ncha ya katikati, wakapanga pete zake nyingi nyembamba moja juu ya moja, wakazibana kwa nguvu. Ulanga haupasuki kwa moto, wala haupitishi umeme. Na ulanga ulichimbwa katika milima ya Uluguru tangu utawala wa Wadachi, ukateremshwa pwani na kupakiwa melini. Na katika vita vya 1939–45 ulanga wa Tanganyika ulitakiwa sana kwa vyombo vya umeme. Watoto wa Morogoro waliouchezea ulanga mtoni hawakujua kwamba jiwe hilo ni mali mbele ya watu wa viwanda.

Ulanga ulishindwa na nini? Ulishindwa na risasi. Mwaka 1921 Thomas Midgley, katika kiwanda cha General Motors huko Marekani, aligundua ya kuwa dawa yenye risasi ikitiwa kidogo katika petroli, injini haigongi ingawa imeshindilia hewa kwa nguvu. Na tangu 1923 petroli hiyo ikauzwa. Lakini risasi ikiungua huacha majivu, na majivu hayo hushika juu ya plagi na kuula ulanga. Basi katika miaka ya 1930 viwanda vya Ulaya vilitafuta kauri mpya iliyotengenezwa kwa unga wa alumina uliochomwa kwa moto mkali sana, na kauri hiyo ndiyo tunayoiona mpaka sasa, nyeupe na ngumu. Risasi yenyewe ilidumu zaidi. Ilidhuru damu na akili za watoto wa mijini miaka mingi, hata nchi za Afrika kusini ya Sahara zikaiacha mwanzoni mwa mwaka 2006. Na nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari, yaani Algeria, iliacha mwaka 2021. Kwa hiyo gari la kale lililoundwa kwa petroli ya risasi leo hunywa petroli nyingine, na plagi zake hazipati tena majivu yale. Hili ni la kukumbukwa na kila asomaye kitabu cha gari cha miaka ile, maana maonyo yake mengine juu ya plagi yalikuwa ni kwa ajili ya risasi.

Sasa tuje kwenye neno ambalo hasa ndilo lililotufanya tushike kalamu, yaani joto la plagi.

Plagi isipofika joto la digrii 450 hivi za Sentigredi, masizi hayaungui, bali hukaa juu ya kauri. Ikipita 850 hivi, ncha yake huwa kaa la moto na kuwasha petroli kabla ya wakati, na pistoni ikaweza kutoboka. Kati ya mipaka hiyo miwili ndimo inamopasa kukaa, gari likipanda au likishuka. Lakini injini hazilingani. Nyingine ni za upole, nyingine ni kali. Kwa hiyo waundaji hutengeneza plagi zinazofanana kwa umbo lakini zisizofanana kwa kutoa joto. Siri yake i katika kauri ya ndani. Kauri ikiwa ndefu, joto la ncha lina safari ndefu kabla ya kulifikia ganda na kutoka; kama kina mama wa Newala wa zamani, waliotelemka mabondeni kuteka maji, na maji yakachelewa kufika nyumbani kwa kuwa njia ni ndefu. Plagi hiyo hukaa na joto lake, nayo huitwa plagi ya moto. Kauri ikiwa fupi, joto hutoka upesi, nayo ni plagi baridi. Injini ya upole yataka plagi ya moto. Injini kali yataka plagi baridi. Wengi hudhani kinyume chake, nasi hatuwalaumu, maana majina yenyewe yapoteza.

Tena pana mtego mkubwa zaidi. Viwanda huandika namba juu ya plagi ili kuonyesha joto lake, wala havikupatana. Kwa Champion, kiwanda cha Marekani, namba ikikua plagi huwa ya moto zaidi. Kwa NGK, kiwanda kilichoanzishwa Nagoya katika Japani mwaka 1936, namba ikikua plagi huwa baridi zaidi. Kwa Bosch ni ajabu zaidi: namba zake za kale, kama 145 na 175 na 225, zilikua kwa ubaridi, na namba zake za siku hizi hukua kwa moto. Kiwanda kimoja, lugha mbili!

Mtego huo tuliuingia sisi wenyewe, na kosa ni letu. Mwezi wa Machi mwaka 2019 alifariki mwalimu mmoja mzee aliyetufundisha kusoma. Alikuwa na Land Rover ya petroli ya mwaka 1962, ambayo aliipenda kupita kiasi, hata kina mama wa mtaa walimtania kwamba ana wake wawili. Alikuwa amewaambia wanawe kwamba akifa apelekwe kwao Newala katika gari hilo, wala si katika gari la kukodi. Gari lilikuwa limesimama miezi mingi. Sisi tulipewa kazi ya kuliandaa. Tulibadili mafuta, tukatia betri, na tulipofungua plagi tulikuta zimechakaa, nazo zimeandikwa N8, za Champion. Tukaenda mjini. Duka halikuwa na Champion, lakini muuzaji alitupa za NGK zenye hesi ile ile, urefu ule ule, nazo zimeandikwa B8ES. Tuliona nane na nane, tukalipa.

Gari liliwaka mara moja, nasi tulijisifu. Tuliondoka nyumbani kwa marehemu kwa mwendo wa watembea kwa miguu, waimbaji mbele, watu nyuma, kama ilivyo desturi. Tuliongoza hivyo karibu saa nzima. Baadaye barabarani hatukuweza kwenda mbio, kwa kuwa nyuma yetu palikuwa na lori la waombolezaji na njia ilikuwa na mvua. Mahali tambarare gari lilikwenda, ingawa lilikohoa kidogo. Tulipofika chini ya mpando wa Newala, tukaingiza gea ya chini, tukakanyaga mafuta, injini ikapiga kama mtu mwenye kwikwi, ikarudi nyuma nguvu zake, ikazimika. Tuliliwasha, likazimika. Mara ya tatu halikuitika kabisa. Jua lilikuwa limekwisha kuegemea, na kaburi lilikuwa tayari juu, na watu wakingoja.

Katika lori alikuwamo fundi mzee. Baba yake alikuwa spana boi huko Nachingwea katika mpango wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ambapo malori yaliyotumika katika vita yaliletwa kutoka kila upande, kila moja na plagi yake. Alishuka, akafungua plagi moja, akaitazama kwenye mwanga.

“Mwalimu, hizi umezitoa wapi?”

“Dukani, mzee. Zile za kwanza zilikuwa namba nane, na hizi ni nane.”

“Nane ya nani?”

Hatukuwa na jibu. Plagi ilikuwa nyeusi tupu, masizi laini kama ya chungu. Akatueleza, akisugua kwa waya na petroli, jambo ambalo hatukulisoma mahali popote. Nane ya Mmarekani ni plagi ya moto, na nane ya Mjapani ni baridi, ya injini za mashindano. Katika mwendo wa mazishi injini ya upole haikuweza kuzitia joto, masizi yakajaa. Gari likiwa mahali tambarare, hewa ndani ya silinda haishindiliwi sana, na cheche yaweza bado kuruka. Likipanda mlima limejaa, hewa hujaa katika silinda, cheche huona nafasi ni ngumu, na umeme, kama watu wote, hutafuta njia nyepesi. Hutambaa juu ya masizi na kupotea katika ganda. Ndiyo sababu gari lilitufikisha mpaka chini ya mpando, wala halikutupandisha.

Fundi alikuwa amemaliza plagi mbili wakati vijana waliposhusha jeneza. Hawakutungoja. Walilichukua mabegani, wakipokezana, wakapanda nalo katika njia yenye tope, wakiimba. Sisi tulifuata baadaye na gari tupu, tukawakuta wamekwisha kufika. Wazee walitufariji wakisema kuchukuliwa mabegani ni heshima kubwa kuliko kuchukuliwa na gari, nasi twaamini ni kweli. Lakini marehemu alikuwa ameomba gari, na mjane wake aliyajua hayo. Alitupa mkono, hakusema neno.

Tangu siku ile tumejifunza kutazama mambo ya plagi kwa utaratibu, na mwenye gari la kale aweza kutusikiliza kama apendavyo. Kitabu cha gari ndicho cha kwanza, na kama kimepotea, plagi ya kale iliyotoka katika injini ni shahidi, ila jina la kiwanda lisomwe pamoja na namba. Hesi nayo ipimwe unene na urefu. Katika plagi za NGK za milimita 14, herufi H yaonyesha hesi ya nusu inchi kwenda chini, na E ya robo tatu ya inchi. Fupi ikiwekwa mahali pa ndefu, cheche hujificha katika tundu na petroli haiwaki vema. Ndefu ikiwekwa mahali pa fupi, yaweza kugongwa na pistoni, na siku hiyo gharama haitakuwa ya plagi. Herufi R ina maana kwamba ndani pana kizuizi cha kupunguza kelele za redio. Gari la kale lisilo na redio halina haja nayo, wala haliidhuru likiwa na koili nzima. Nafasi ya ncha yatakiwa kupimwa hata plagi ikiwa mpya, maana katika safari ya sanduku huweza kupindwa. Kwa Land Rover ile ni kama 30 katika sehemu 1,000 za inchi, yaani robo tatu ya milimita. Na plagi za bandia zimejaa: maandishi yake hufutika kwa kidole, na hesi yake ina kingo zenye makovu. Bei ikiwa rahisi mno, twaomba mtu aulize kwa nini.

Lakini shahidi mkubwa ni rangi. Baada ya safari ya maili kadhaa, plagi ifunguliwe. Nyeusi kavu, ni masizi: plagi ni baridi mno, au kabureta yatoa petroli kupita kiasi. Nyeusi yenye mafuta, ringi za pistoni zimechoka, na hapo plagi haina kosa. Nyeupe yenye malengelenge, ni moto mno. Gari lisiendeshwe tena hata sababu ijulikane. Mtu wa Masasi mjini, anayekwenda sokoni na kurudi, na mtu anayepanda Newala kila juma na magunia ya korosho, huenda wasifae kutumia plagi moja hata kama magari yao ni pacha. Huyu wa pili aweza kushuka daraja moja kuelekea ubaridi. Daraja moja tu, siyo matatu kama tulivyofanya sisi.

Land Rover ya marehemu iko bado, nayo ni ya mwanawe wa kwanza. Chini ya boneti fundi mzee aliandika kwa rangi nyeupe: NGK B5ES, na chini yake, kwa mkono wetu, Champion N8. Juma lililopita tulipanda nayo Newala kutengeneza kaburi. Tulipofika juu tuliacha injini ipoe, tukafungua plagi ya kwanza. Rangi yake ilikuwa ya kahawia, kavu, kama ganda la korosho.